Kununua fimbo za gofu za mtumba Dar es Salaam bila kuuziwa feki: mwongozo kamili

Feki ya gofu haikamatwi kwa kusoma jina lililoandikwa juu yake. Jina ndilo kitu cha kwanza kunakiliwa, na siku hizi linanakiliwa vizuri mpaka rangi zake. Feki hukamatwa pale sehemu za fimbo moja zinapokataa kukubaliana: uzito unasema hivi, shafti (ufito wa fimbo) inasema vile, namba ya utambulisho iliyo shingoni, pale kichwa kinaposhika shafti, inasema jingine, na bei haiendani na lolote kati ya hayo. Kuyaona hayo kunahitaji mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja, sumaku ndogo, tepu ya fundi cherehani, tochi ya simu na nusu saa isiyo na haraka.

Yanayofuata yameandikwa kwa anayeanza mazoezi kwenye klabu za gofu za Gymkhana au Lugalo na hataki kumaliza akiba yake kwenye seti mpya, na pia kwa mchezaji wa siku nyingi aliyeona draiva (fimbo ndefu ya kupiga mbali) ya toleo jipya Instagram kwa bei ya kushangaza.

Chagua toleo kabla ya kumtafuta muuzaji

Anayetengeneza feki anafuata pesa ilipo, na pesa iko kwenye fimbo mpya. TaylorMade Qi10 ilipotoka mwaka 2024, draiva yake iliuzwa Marekani kwa karibu dola 600. Mwenye kopi akiiuza kwa dola 150 bado anacheka. Sasa chukua Ping G400 ya 2017 au TaylorMade M2 ya 2016: hata ikiwa halisi, leo bei yake imeshuka kiasi kwamba hakuna wa kuhangaika kuiwashia mitambo. Kwa hiyo lenga fimbo zenye umri wa miaka minne hadi tisa. Kwa mchezaji wa handikapu 20, yaani wa kiwango cha kawaida, umbali anaouacha kwa kutokuwa na toleo jipya ni mdogo kuliko anaoupoteza kila anapopiga nje ya katikati ya uso.

Hata hivyo uzee wa fimbo peke yake si cheti. Kopi za Callaway na TaylorMade zilikuwa tatizo kubwa mapema miaka ya 2000, kiasi kwamba mwaka 2004 kampuni kubwa za gofu ziliungana kuzifukuzia pamoja. Baadhi ya kopi za enzi hizo bado ziko kwenye mabegi ya watu, na wenye mabegi wengine hawajui.

Zinazonakiliwa sana ni draiva za TaylorMade, Callaway na Titleist, aironi (fimbo za chuma zenye kichwa chembamba) za seti nzima za kampuni hizo hizo, fimbo za Kijapani za bei kubwa kama Honma na XXIO, na fimbo za kumalizia mpira shimoni za Scotty Cameron. Seti ya zamani ya Wilson, Dunlop au Slazenger haimvutii mnakili yeyote. Kama ndiyo kwanza unajifunza, huko ndiko kwenye usalama na nafuu kwa pamoja.

Usihukumu kwa maandishi ya nchi ilikotengenezwa. Vichwa vingi vya fimbo halisi vinamiminwa Uchina, Taiwan na Vietnam. Muuzaji anayeapa kwamba yake "si ya Mchina" hajakuambia kitu.

Kanuni zinaruhusu fimbo 14 kwenye begi, lakini anayeanza anatosheka na nane: draiva au mbao namba 3 (jina limebaki mbao, kichwa ni chuma), haibridi moja (iliyo kati ya mbao na aironi), aironi namba 5, 7 na 9, wedji mbili (fimbo fupi za kuinua mpira), na fimbo ya kumalizia, ile wachezaji wanayoiita pata.

Ukishachagua toleo, tafuta bei yake kwa wauzaji wa mitumba wanaojulikana nje: Golfbidder ya Uingereza, 2nd Swing na Callaway Golf Pre-Owned za Marekani. Andika bei ya hali ya kati, igeuze kuwa shilingi kwa kiwango cha siku hiyo. Kumbuka kwamba fimbo iliyoingizwa nchini kihalali imebeba usafiri, ushuru wa forodha unaokokotolewa juu ya bei pamoja na usafiri na bima, kisha VAT juu ya yote. Mtu anayehama anaweza kuuza chini ya bei hiyo kwa sababu ana ndege ya kuwahi. Mfanyabiashara mwenye mzigo hawezi. Akikupa toleo la mwaka huu kwa chini ya nusu ya bei ya mtumba wa Uingereza, achana naye, hata kama ni mcheshi.

Wapi pa kutafuta

Begi salama kuliko yote ni lile linalojulikana uwanjani. Kedi, yaani mbeba begi, aliyelibeba miaka mitatu anajua draiva ilibadilishwa shafti lini, na anajua kama mwenyewe aliipata dukani au kwa rafiki aliyetoka safari. Muulize kwa heshima, na mkifanikisha biashara kupitia kwake mpe chake. Muulize pia kama fimbo zina mwenyewe anayezitafuta, maana fimbo huibwa kwenye magari, na kukutwa na mali ya wizi ni kesi. Mwalimu wa gofu wa klabu naye huwa anajua nani anabadilisha seti. Ukienda Lugalo kumbuka ni eneo la jeshi: beba kitambulisho na ueleze getini unakwenda kwa nani.

Kundi la pili ni wageni wanaomaliza mikataba, hasa Masaki na Oysterbay, na Juni na Julai shule za kimataifa zinapofunga mwaka ndipo wengi wanahama. Hawa huuza begi zima. Mara nyingi ni mmiliki mmoja, anakumbuka alinunua wapi, na wengine bado wana risiti kwenye barua pepe.

Kwenye mitumba ya kawaida, Karume na kwingineko, ukikutana na fimbo ya gofu huwa ni mojamoja, imechanganywa na raketi na magongo ya kutembelea. Hapo hofu kubwa ni vichwa vya zinki na fimbo za watoto zinazouzwa kama za wakubwa. Kwa fimbo ya kumalizia au wedji moja, panafaa.

Mitandaoni ndiko feki zilikojaa. Jihadhari na ukurasa wenye kila chapa, kila kitu "kipya kwenye nailoni", seti tano zinazofanana, hakuna duka, na mzigo ambao daima uko njiani ukisubiri utume nusu.

Picha kwanza, safari baadaye

Foleni ya Bagamoyo Road haistahili kukaliwa kwa ajili ya fimbo ambayo ungeikataa kwa simu. Tuma ujumbe kama huu:

"Kaka habari za leo. Nimeipenda draiva. Naomba picha sita ulizopiga mwenyewe: uso, chini, juu kama inavyoonekana ukisimama kupiga, shingo ikionyesha namba, maandishi ya shafti, na mwisho wa gripu. Weka na karatasi yenye tarehe ya leo pembeni."

Mwenye fimbo atazituma jioni. Asiye nayo atakuambia simu yake kamera mbovu. Picha zikifika zipitishe Google Lens uone kama zimechukuliwa kwenye tangazo la nchi nyingine, kisha zilinganishe na picha za tovuti ya kampuni. Kuza mpaka uone kingo za herufi: rangi iliyovuja nje ya mchongo, nafasi zisizolingana kati ya herufi, nembo iliyosogea milimita chache kutoka mahali pake.

Namba ya shingoni ni ushahidi, ila usiichukulie kama hukumu. Kwenye fimbo halisi huchongwa kwa leza, nyembamba na safi. Wanakili wavivu huchonga namba moja kwenye maelfu ya vichwa, hivyo itafute namba hiyo mtandaoni; ikitokea kwenye tangazo la mtu mwingine, mmoja wenu ana feki, na huenda ni wote wawili. Kukosekana kwa namba kwenye kila aironi si kosa, kwa kuwa kampuni nyingine huiweka kwenye fimbo moja tu ya seti.

Ping ndio rahisi kuhakiki. Aironi zote za seti moja hubeba namba ile ile shingoni, na kila kichwa kina nukta ya rangi inayoonyesha kilivyoinamishwa: nyeusi ni ya kawaida, bluu ni kwa anayehitaji fimbo iliyosimama zaidi, nyekundu iliyolala zaidi. Ukikuta namba 6 ina nukta ya bluu na nyingine zote nyeusi, seti imeunganishwa. Ukiwaandikia Ping namba hiyo, wanaweza kukuambia seti ilitoka kiwandani ikiwa na shafti gani.

Fimbo ikiwa mkononi

Pangeni kukutana eneo la mazoezi la uwanja wa gofu, mchana. Usikague fimbo kwenye maegesho usiku.

Anza na draiva. Kichwa cha draiva ya kisasa ni titani, mara nyingi na kaboni juu, na sumaku haishiki titani wala kaboni. Weka sumaku kwenye uso na ubavuni. Usiiweke kwenye skrubu za chini, kwani uzito wa ziada mara nyingi ni chuma au tangsteni. Sumaku ikinata usoni, umeshika chuma kilichopakwa rangi. Kuna jambo moja linalowachanganya watu: mbao namba 3 na namba 5 nyingi zina uso wa chuma halali kabisa, hivyo kipimo hiki hakizihusu.

Halafu pima. Draiva nzima yenye shafti ya kaboni huwa kati ya gramu 300 na 330, urefu inchi 45 hadi 46, yaani kama sentimita 114 hadi 117. Inayozidi hapo kwa mbali itilie shaka. Kulalia fimbo kwenye mzani kunasumbua: weka bakuli jepesi juu ya mzani, uurudishe sifuri, kisha lalisha fimbo isiguse meza.

Kama kichwa ni cha kufunguka, omba ufunguo wake wa nyota. Fungua skrubu, vuta shafti, tazama kifundo cha plastiki na alumini kilicho mwishoni. Meno yake yawe makali na yaingie bila kulazimisha, na skrubu ikazwe mpaka ufunguo ulie mara moja. Kama kuna mchezaji jirani mwenye draiva halisi ya kampuni na familia hiyo hiyo, jaribu shafti yake kwenye kichwa unachouziwa. Hiki ni kipimo kikali kuliko vyote kwenye ukurasa huu. Mnakili anapatia rangi, anapatia hata sauti, lakini meno ya kifundo yakikosa hata sehemu ndogo ya milimita shafti haikai. Muuzaji akikataa draiva isifunguliwe "itaharibika", rudisha fimbo mkononi mwake.

Tikisa kichwa sikioni. Kinachogonga ndani kinaweza kuwa kipande cha gundi kilichokauka, na hicho kinatibika. Si lazima iwe feki. Kibaya zaidi ni ufa. Mulika tochi kwenye ungio la uso na sehemu ya juu, pitisha ukucha. Mstari unaonasa ukucha ni ufa unaokua kila unapopiga, na draiva halisi yenye ufa haina thamani kuliko feki nzima.

Aironi zinataka upangaji. Zilaze chini kwa mfuatano, kutoka namba 4 hadi wedji. Namba 7 ya chuma huwa karibu sentimita 94 kwa urefu, na kila fimbo inayofuata hupungua nusu inchi, sentimita 1.3 hivi. Mikato kwenye shafti za chuma, zile ngazi ndogo, ipande kwa mpangilio unaoeleweka. Kisha zipime moja moja. Namba 7 yenye shafti ya chuma huangukia gramu 410 hadi 440, ya kaboni 360 hadi 390, na kila fimbo fupi inayofuata huongezeka gramu tano hadi nane. Tuseme namba 6 ni gramu 421, namba 7 ni 428, namba 8 ni 455, namba 9 ni 441. Namba 8 ina historia. Huenda shafti yake ilivunjika ikawekwa nyingine, huenda ni kichwa cha seti tofauti. Si sababu ya kukimbia, ni sababu ya kupunguza bei na kuuliza upya. Seti feki hujionyesha kwa kuruka ovyo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Sumaku kwenye aironi inasoma kinyume: chuma cha kumimina na cha kufua kinachotumiwa kwa kawaida hushikwa na sumaku. Kichwa cha aironi ambacho sumaku inateleza, tena chepesi, chenye mikwaruzo laini kama ya kisu kwenye sufuria, kwa kawaida ni zinki. Zinki hukatikia shingoni, na kichwa kinachoruka kinaweza kumjeruhi mtu.

Mistari ya uso ipitie kwa ukucha, lazima inase. Sehemu iliyong'aa ukubwa wa sarafu ya shilingi 100 katikati inaonyesha mwenyewe alipiga vizuri, na kwenye namba 8, 9 na wedji ndiko mistari inakowahi kuisha. Kutu nyekundu usoni mwa wedji isiyopakwa si kasoro. Nyingine huuzwa zikiwa hivyo makusudi.

Kwa fimbo ya kumalizia weka sumaku mfukoni. Scotty Cameron nyingi ni chuma cha pua cha aina ya 303, ambacho hakishikwi, na nyingine ni chuma cha kaboni kinachoshikwa. Tazama alama za mashine usoni: kwenye halisi ni nyembamba, sawasawa, hadi kingoni. Kwenye kopi iliyomiminwa huwa butu, na rangi ya herufi imejaa nusu. Kampuni yenyewe ina huduma ya kuhakiki kwa ada, na kwa fimbo ya bei hiyo ni busara kuitumia.

Shafti, shingo na chumvi ya bahari

Hapa Dar ina maoni yake. Hewa ya chumvi hula chuma kimyakimya, na buti la gari lililopaki juani hulainisha gundi ya shingo na kukausha mpira wa gripu, pale pa kushikia. Seti iliyokaa stoo ya Mbezi Beach bila kifuniko inaweza kung'aa nje na kuoza ndani.

Tazama pete nyeusi ya plastiki inapokutana na kichwa. Iwe imebana. Nafasi ya nusu milimita huenda ni dalili kwamba kichwa kinateleza kutoka. Shika gripu kwa mkono mmoja, kichwa kwa mwingine, zungusha kinyume kwa nguvu ya wastani. Mlio wa kukwaruza ni gundi iliyoachia. Inarekebishika kwa epoksi na saa 24 za kukauka, lakini bei ishuke. Alama za kutu zinazochimba shafti karibu na shingo hazirekebishiki. Shafti hukatikia hapo.

Shafti ya kaboni ikague sehemu inayosugua mdomo wa begi. Rangi iliyokwaruzika ni sura tu. Nyuzi zikionekana, iache.

Stika ya shafti isikuchanganye. Hata Dynamic Gold halisi za True Temper zina stika, hivyo kuwepo kwake si hoja. Tazama kama imenyooka na kama herufi ni safi, kisha linganisha na uzito uliopima. Shafti iliyoandikwa nzito kwenye fimbo nyepesi inajisema yenyewe.

Ugumu wa shafti, unaoandikwa kwa herufi, ukufae: anayepiga draiva mita 180 hadi 210 anafaa R (ya kawaida), zaidi ya mita 230 S (ngumu), na mzee au anayepiga polepole A (laini). Wengi hununua S kwa fahari na mpira unakwenda kulia mwaka mzima.

Gripu za feki hunuka mpira mkali wa tairi na rangi yake hutoka kwenye kitambaa chenye maji. Gripu iliyokauka ya fimbo halisi ni gharama tu: zidisha bei ya moja kwa idadi ya fimbo kabla ya kukubaliana, kwa sababu seti ya tisa inaweza kuhitaji zote.

Mwisho wa ukaguzi, piga mipira kama ishirini, ukianza na wedji. Mkono unaohisi mtikisiko mkavu hata ukipiga katikati unakuambia kitu ambacho mzani haukusema.

Malipo

Usitume pesa ya kushikilia mzigo kwa mtu usiyemfahamu. Lipa mkiwa mmesimama pamoja, kwa simu, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea. Likitofautiana na la muuzaji, uliza ni la nani. Andikeni karatasi fupi: majina, simu, toleo, namba ya shingoni, bei, na maneno "ikithibitika bandia ndani ya siku saba, pesa inarudi". Anayeuza kitu halali husaini bila kuhema. Ukimnunulia mzee aliyestaafu mchezo, anza na shikamoo na uombe karatasi kama kumbukumbu yako ya bima, atakuelewa.

Ukishauziwa feki, usiipitishe kwa mwingine. Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 inafanya kuuza bidhaa yenye alama ya kughushi kuwa kosa, na inayoisimamia ni Tume ya Ushindani, FCC. Wapelekee karatasi, picha na muamala. Usiingie nayo mashindanoni pia: pale kamati inapotumia orodha ya R&A, chombo cha kanuni za gofu, ya vichwa vya draiva vilivyoruhusiwa, kupiga na kichwa kisichomo kunaweza kukuondoa kabisa, na feki haijawahi kupelekwa kupimwa.

Wiki ya kwanza

Badilisha gripu mwenyewe kama una meza na kibano. Chana ya zamani ukisukuma wembe mbali na mwili, bila kukandamiza kwenye shafti ya kaboni. Kwangua tepu yote. Bandika tepu ya pande mbili urefu wa sentimita 25, ukiacha kama sentimita moja na nusu ipite mwisho wa shafti na kukunjwa ndani. Ziba tundu la gripu kwa kidole, mimina tapentaini ya duka la rangi, tikisa, imwagie tepu, kisha sukuma gripu kwa mkupuo mmoja. Una sekunde chache za kuinyoosha. Iache usiku kucha. Mafundi wengine hutumia petroli; inafanya kazi, na inawaka.

Baada ya kila mchezo futa shafti za chuma kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani, na usiliache begi likalala kwenye gari.